Deni la Shule Ndogo Hulipwa na Mwalimu

Katikati ya mwaka wa 2020, wakati kengele za shule zilipokuwa zimenyamaza nchini kote kwa sababu ya maradhi ya korona, ilitoka habari huko Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, iliyowafanya wengine wacheke na wengine wainamishe vichwa. Shule moja ya kibinafsi ilikuwa imegeuza madarasa yake kuwa vibanda vya kuku. Uwanja walikochezea watoto ulikuwa umelimwa mboga. Ubaoni, mahali palipozoea kuandikwa hesabu, paliandikwa ratiba ya kuwachanja kuku. Mwenye shule alikuwa na deni la benki, karo haikuwa ikiingia, na tumbo, kama tujuavyo sote, halina likizo.

Waliocheka walikiona hicho kuwa kituko cha msimu. Waliowahi kufunza katika shule ndogo ya kibinafsi hawakucheka, kwa kuwa walijua kwamba korona haikuleta ugonjwa mpya katika shule hizo. Iliufunua tu ugonjwa wa zamani. Shule ambayo haiwezi kukaa miezi miwili bila karo ni shule iliyokuwa ikipumua kwa taabu tangu hapo. Milango ilipofunguliwa tena kikamilifu tarehe 4 Januari 2021, baadhi ya shule hizo hazikufungua. Nyingine zilifungua zikiwa na nusu ya watoto na robo ya walimu. Na zile zilizosimama zingali zikiyumba hadi leo, muhula baada ya muhula, kama dau lenye tundu ambalo abiria wake hawaachi kufuta maji.

Msomaji mpenzi, swali ninalotaka tulitafakari leo ni hili: ni nani hasa anayelifuta maji dau hilo? Ni nani anayelipia shule ndogo ili mlango wake usifungwe? Jibu la haraka ni mzazi, kwa sababu ndiye mwenye risiti ya karo mkononi. Jibu la pili ni mwenye shule, kwa sababu ndiye ambaye jina lake limo katika hati ya benki. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini yupo mlipaji wa tatu asiyeandikwa katika daftari lolote, naye ndiye anayebeba mzigo ambao wengine wameshindwa kuubeba. Huyo ni mwalimu.

SHULE ZA WANYONGE

Tuanze kwa kuzitambua shule tunazozizungumzia. Neno "shule ya kibinafsi" huwajia wengi na picha ya mabasi ya manjano, bwawa la kuogelea na karo ambayo mfanyakazi wa kawaida hawezi kuilipa kwa mshahara wa mwaka mzima. Hizo zipo, na si haja yetu leo. Tunazungumzia shule yenye madarasa manane ya mabati au mawe, iliyopangishwa katika kiwanja cha mtu, baina ya kinu cha kusagia mahindi na duka la kuuza makaa. Watoto wake ni wa mama muuza mboga, wa fundi wa viatu, wa bawabu, wa kijakazi, wa mhudumu wa bodaboda. Ukizuru Kawangware, Mathare, Mukuru au Kibera jijini Nairobi, utazikuta kila baada ya vichochoro vichache. Ukienda katika miji midogo ya mashambani utazikuta pia, kando ya barabara, zikiwa na vibao vilivyofifia rangi.

Shule hizi hazikuzuka kwa bahati. Zilizuka kwa sababu palikuwa na pengo. Mwaka wa 2003 mtafiti Mwingereza James Tooley alipoichunguza Kibera, alihesabu shule 76 za kibinafsi katika mtaa ambao watu wengi walidhani hauna chochote ila zile shule chache za umma zilizo pembezoni mwake, kama vile Olympic, Ayany na Toi. Mtu anaweza kukataa mahitimisho ya mtaalamu huyo, ambaye ni mtetezi wa elimu ya kibinafsi kwa maskini, lakini hesabu ile inatuambia jambo moja lisilopingika: wazazi hawakuingoja serikali.

Wala huu si mtindo wa jana. Mwanafunzi wa historia atakumbuka kwamba baada ya ugomvi mkubwa baina ya wamishenari na Wakikuyu mwaka wa 1929, wazazi wengi wa Kiambu, Murang'a na Nyeri waliwatoa watoto wao katika shule za misheni na kujijengea shule huru. Walichanga senti, mahindi, mbao na nguvu za mikono yao. Shule hizo zilihitaji walimu, na walimu hawakuwako wa kutosha. Ndipo mwaka wa 1939 kikafunguliwa chuo cha ualimu cha Githunguri chini ya Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerejea kutoka masomoni ng'ambo. Chuo kiliendeshwa kwa michango ya watu wa kawaida, marika yakishindana kutoa. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho pamoja na shule huru. Kufuli likafanya katika siku chache jambo ambalo umaskini ulikuwa umeshindwa kulifanya katika miaka ishirini.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda kinyume na hayo, nasi tuna wajibu wa kulikumbuka hilo. Wananchi walijenga shule za upili za harambee kila pembe ya nchi, hata idadi yake ikazipita zile za serikali. Nyingi zilianza katika hali ya kusikitisha: darasa moja, mwalimu mmoja asiyehitimu, na vitabu vya kuhesabika kwa vidole. Lakini serikali haikuzifunga zote kwa kuwa zilikuwa dhaifu. Baadhi ilizipelekea mwalimu, kisha mwalimu wa pili, na baada ya miaka ikazitwaa kabisa. Leo zipo shule za umma zenye sifa nzuri ambazo zilianza kama kibanda cha harambee. Tazama tofauti ya nyakati hizo mbili: udhaifu uleule, mkono mmoja ukaleta kufuli, mkono mwingine ukaleta mwalimu.

HESABU YA MUHULA MMOJA

Maneno matupu hayavunji mfupa. Tufanye hesabu, kama ambavyo mwalimu mkuu wa shule ya aina hii huifanya usiku kwa kalamu ya risasi, baada ya watoto kwenda nyumbani. Mfano huu ni wa kutunga, lakini yeyote aliyewahi kushika daftari la shule kama hiyo mjini Nairobi ataitambua sura yake.

Tuseme shule ina watoto 160, kuanzia chekechea hadi Gredi ya 6. Karo ni Sh5,000 kwa muhula. Iwapo kila mzazi atalipa hadi senti ya mwisho, shule itapata Sh800,000.

Sasa tutoe. Walimu ni tisa pamoja na mwalimu mkuu. Tuwalipe wastani wa Sh13,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakifikii hata kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa mjini kwa mujibu wa sheria. Muhula ni miezi mitatu, lakini mwalimu hula hata wakati wa likizo, kwa hivyo tuhesabu miezi minne: Sh468,000. Kodi ya kiwanja na majengo ni Sh35,000 kwa mwezi: Sh140,000. Mpishi na bawabu, Sh9,000 kila mmoja kwa mwezi: Sh72,000. Uji, maji, stima, chaki, karatasi na kuchapisha mitihani, kwa muhula mzima: Sh90,000. Jumla ni Sh770,000. Kilichobaki ni Sh30,000. Mvua ikiezua mabati mawili, au tangi la maji likipasuka, kilichobaki hakipo tena.

Hapo tumedhani kwamba kila mzazi amelipa. Ni nani anayeijua mitaa yetu atakayedhani hivyo? Fundi wa viatu hulipa pale viatu vinapochakaa, na muuza mboga hulipa pale mboga zinapouzika. Tukikadiria kwamba robo ya karo haiingii, shule inapokea Sh600,000 huku matumizi yakiwa yaleyale Sh770,000. Pengo ni Sh170,000 katika muhula mmoja.

Je, pengo hilo litazibwa na nani? Mwenye kiwanja hangoji, kwa maana ana kufuli tayari. Kampuni ya umeme haina huruma, hukata nyaya. Muuza maharagwe hakopeshi mara mbili. Mpishi akikosa mshahara hapiki, na watoto wasipopata uji hawarudi kesho. Hivyo katika orodha nzima ya wadai amebaki mmoja tu anayeweza kuambiwa "subiri kidogo" na akaendelea kufanya kazi. Gawanya Sh170,000 kwa walimu tisa, na kila mmoja atakuwa ameidai shule takriban Sh18,900. Huo ni mshahara wa karibu mwezi mmoja na nusu. Kwa mihula mitatu ni zaidi ya Sh56,000 kwa kila mwalimu.

Hapo ndipo lilipo deni. Shule imekopa bila kutia saini, bila riba na bila tarehe ya kulipa. Mkopeshaji ni mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wadai wake wote. Naye akiuliza habari za deni lake, huambiwa kwamba ualimu ni wito.

Waama, ualimu ni wito. Lakini wito haulipi nauli, wala haumnunulii mtoto wa mwalimu daftari. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaopita nje ya ukuta wa shule hizi na kusikia watoto wakiimba herufi, tunaliona kanda la usufi. Aliyelibeba ndiye ajuaye uzito wake.

MAPIGO YALIYOFUATANA

Shule ndogo zimepigwa na mawimbi mengi, na baadhi yalitokana na mambo mema. Serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipoondoa karo katika shule za msingi za umma mnamo Januari 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Lilikuwa jambo la heri, wala hakuna mwenye akili timamu atakayetamani turudi nyuma. Hata hivyo, watoto wengi walihama kutoka shule ndogo za kibinafsi mara moja, na baadhi ya shule hizo zikafa. Baadaye madarasa ya umma yalipojaa, mwalimu mmoja akawa anasimama mbele ya watoto mia moja au zaidi, wazazi kadhaa wakaanza kurudi kimyakimya. Mzazi aliyerudi hakuwa na chuki na elimu ya bure. Alitaka mtoto wake aonekane na mwalimu.

Likaja wimbi la korona ambalo tumekwisha kulitaja. Mwalimu wa shule ya umma aliendelea kupokea mshahara wake wakati huo, na ilikuwa haki yake. Mwenzake wa kibinafsi, ambaye pengine walisoma chuo kimoja na kukaa bweni moja, alirudi nyumbani mikono mitupu. Wapo waliouza mitumba, wapo waliochoma mahindi kando ya barabara, na wapo waliokwenda mashambani na hawakurudi tena darasani.

Mtaala wa umilisi nao ulikuja na madai yake. Watoto wa kwanza walipoingia sekondari ya msingi mnamo Januari 2023, shule iliyotaka kubaki nao hadi Gredi ya 9 ilitakiwa kuwa na maabara, madarasa ya ziada na walimu wa masomo maalumu. Shule kubwa zilijenga. Shule ndogo zilitazama mifuko yao. Na mzazi, ambaye ni mtu wa kupanga mambo, akajiuliza kwa nini amwache mtoto mahali ambapo atalazimika kumhamisha baadaye. Akamhamisha mapema. Kwa njia hiyo shule isiyokuwa na Gredi ya 7 ikaanza kupoteza hata watoto wa Gredi ya 4.

Mwaka huohuo wa 2023 Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, iliajiri maelfu ya walimu kwa mpigo. Tuliwapongeza walioajiriwa, kwa sababu wengi walikuwa wamekaa miaka wakiingoja barua ile. Lakini barua ya TSC haingoji mwisho wa muhula. Mwalimu aliyekuwa akidai mshahara wa miezi miwili alipoipata, aliaga asubuhi na kuondoka mchana, na darasa lake likabaki na mtoto wa kidato cha nne aliyekuwa akisubiri kujiunga na chuo. Je, tumlaumu? Hasha. Aliyekopesha na asilipwe hana sababu ya kungoja kukopesha tena.

Fauka ya hayo, yapo makato ya kisheria. Ada ya nyumba za bei nafuu humtaka mwajiri atoe asilimia 1.5 ya mshahara juu ya ile anayokatwa mwajiriwa, na michango ya hazina ya uzeeni iliongezwa kuanzia mwaka wa 2023. Makato hayo yana shabaha njema kwa mfanyakazi. Lakini sheria imemtazama mwajiri wa watu tisa wanaolipwa kwa kudonoadonoa kwa jicho lilelile linalomtazama mwenye kiwanda.

LAWAMA ZINAZOSTAHILI

Wapo wanaosema kwamba shule hizi na zife tu. Husema kwamba zimejaa wafanyabiashara wanaofanya elimu kuwa duka, walimu wasiohitimu na majengo ya hatari. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mlaumiwa naye, lawama zake tumpe pale zinapomstahili.

Mnamo Septemba 2019 darasa la shule moja ya kibinafsi huko Dagoretti, Nairobi, liliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani. Wanafunzi wanane walipoteza maisha yao. Septemba 2024 moto uliteketeza bweni la shule moja ya kibinafsi katika Kaunti ya Nyeri na kuwaua wavulana 21. Hakuna umaskini wa mwenye shule unaoweza kuwa udhuru mbele ya mzazi aliyemzika mtoto. Jengo bovu lifungwe leo, bila kungoja kesho, na bila kujali ni shule ndogo au kubwa, ya umma au ya kibinafsi. Katika hilo sina mjadala na mtu.

Aidha, ni kweli kwamba wapo wenye shule ambao huwaambia walimu kwamba hazina imekauka, kumbe nyumba ya ghorofa inapanda kijijini kwao. Mwenye shule wa aina hiyo ni mnyonyaji aliyejificha nyuma ya chaki.

Hata hivyo, wanaosema shule hizi na zife hawatuambii watoto wataketi wapi siku ya pili. Katika mitaa mingi shule ya umma iliyo karibu imejaa pomoni, au iko ng'ambo ya barabara kuu ambayo mtoto wa miaka sita hawezi kuivuka peke yake. Mkaguzi anapotia kufuli katika shule ya watoto 160, watoto hao hawayeyuki. Wengine husongamana katika darasa ambalo tayari lina watoto themanini, wengine hukaa nyumbani kuwaangalia wadogo zao, na wengine huhamia shule nyingine ya mabati mtaa wa pili, pengine mbaya kuliko ile iliyofungwa. Kufuli bila nafasi mbadala ni kuuficha msiba uani.

Na hapa ndipo sheria inapotufunga sote. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Katiba haikusema kila mtoto aliye karibu na shule ya umma. Ilisema kila mtoto. Kwa hivyo mtoto wa muuza mboga anayelipa Sh5,000 kwa muhula huko Mukuru kwa kuwa hakupata nafasi kwingine, kwa hakika analipa deni la serikali. Mzazi anaposhindwa kulipa, mwalimu wake ndiye anayelimalizia. Yule mwalimu wa Sh13,000 anaidhamini Jamhuri ya Kenya, na Jamhuri haijampa hata asante.

LIFANYWE NINI?

Serikali yenyewe imewahi kukiri jambo hili nusunusu. Mwaka wa 2009 ilitoa sera ya kuzitambua shule zinazotoa elimu kwa njia mbadala katika mitaa ya mabanda na maeneo kame, na baadaye mwaka wa 2015 ikatoa mwongozo wa kuzisajili kwa masharti yanayolingana na hali zao. Lilikuwa wazo la busara. Lakini kusajiliwa bila kusaidiwa ni sawa na kumpa mgonjwa kadi ya hospitali na kumnyima dawa.

Mapendekezo yangu ni machache na hayahitaji miujiza. Kwanza, pale ambapo mtoto amekosa nafasi katika shule ya umma iliyo karibu, fedha za serikali zinazomhusu zimfuate alipo. Elimu ya bure ilipoanza mwaka wa 2003, kila mtoto wa shule ya msingi ya umma alitengewa Sh1,020 kwa mwaka. Hata kwa kiwango hicho cha zamani, watoto 160 wangepata Sh163,200, karibu sawa na pengo la muhula mzima katika hesabu yetu. Fedha hizo zisipitie mfukoni mwa mwenye shule. Zinunue vitabu, na zilipe sehemu ya mshahara wa walimu waliosajiliwa na TSC moja kwa moja katika akaunti zao. Ndivyo tulivyozifanyia shule za harambee: tulimpeleka mwalimu, hatukumpelekea mwenye kiwanja hundi.

Pili, mkaguzi aje na vitu viwili mkononi: orodha ya makosa na muda wa kuyarekebisha. Jengo la hatari, kama nilivyotangulia kusema, halina muda. Lakini choo kilichopungua, daftari lisilopangwa vyema au mwalimu anayehitaji kumaliza mafunzo yake, hayo ni mambo ya mihula miwili mitatu. Anayekuja mara moja kwa miaka mitano, kisha akafunga, hajakagua shule, ameihukumu.

Tatu, wenye shule wafungue vitabu vyao vya hesabu. Anayetaka mwalimu avumilie, amwonyeshe kilichoingia na kilichotoka. Deni la mshahara liandikwe, litiwe saini na lipangiwe siku ya kulipwa. Dawa ya deni ni kulipa, na kama huna cha kulipa, mwanzo wa dawa ni kukiri. Nimeona kwamba walimu wengi huweza kustahimili njaa inayoelezwa kuliko shibe inayofichwa.

Nne, shule ndogo ziache kupigana zenyewe kwa zenyewe kama kuku waliofungwa kamba moja. Shule tatu za mtaa mmoja, kila moja ikiwa na Gredi ya 6 yenye watoto tisa, zinaweza kuungana na kupata darasa moja la watoto 27, mwalimu mmoja anayelipwa ipasavyo, na maabara moja inayotumika kwa zamu. Kiburi cha kibao cha mlangoni kimeua shule nyingi kuliko umaskini.

Tano, mzazi. Najua hali ilivyo ngumu. Lakini zipo nyumba ambazo king'amuzi cha televisheni hulipiwa kila mwezi bila kukosa, na karo husubiri kikao cha wazee. Asiye nacho aende kwa mwalimu mkuu aseme, nao wapange walau Sh300 kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba. Anayejificha na kumhamishia mtoto shule nyingine ili kukwepa salio hamkimbii mwenye shule. Amekula jasho la mwalimu aliyemfundisha mwanawe kusoma.

KWENU WALIMU NA WANAFUNZI

Ninyi wanafunzi mnaosoma katika shule hizo, msione haya. Mabati hayaandiki mtihani. Lakini jueni kwamba mwalimu anayesimama mbele yenu asubuhi akiwa nadhifu, akifuta ubao kwa kipande cha sponji, pengine amekuja kwa miguu kwa sababu nauli haikupatikana. Kazi mliyopewa ya nyumbani ikifanywa, mmemlipa kitu. Isipofanywa, mmeongeza deni.

Nanyi walimu, nasaha yangu haitakuwa tamu. Uvumilivu ni sifa, lakini uvumilivu usio na mpaka humfundisha mkopaji kutolipa. Jiungeni katika vyama vya akiba na mikopo, hata mkiwa tisa tu, ili asiyepata mshahara mwezi huu asiangukie mikononi mwa wakopeshaji wa simu. Dai barua ya ajira. Weka nakala ya kila ahadi iliyoandikwa. Maliza usajili wako wa TSC hata kama unapenda ulipo, kwa sababu mlango wa pili haumdhuru mwenye nyumba. Na siku utakapolazimika kuondoka, waage watoto. Wao hawakukudhulumu.

Nchi hii imejenga sehemu kubwa ya elimu yake kwa mikono ya watu wadogo, tangu shule huru za 1929 hadi vibanda vya harambee na madarasa ya mabati ya leo. Kila mara palikuwa na mwalimu aliyekubali kulipwa baadaye. Baadhi yao walilipwa, wengi hawakulipwa, na wengine walizikwa wakidai. Si haki kwamba katika nchi iliyoandika katika Katiba yake kwamba elimu ni ya bure, gharama ya ubure huo itolewe katika sufuria ya mwalimu wa shule ndogo. Ahadi ni deni. Aliyeahidi anajulikana, na anayelipa kwa niaba yake anajulikana pia. Kilichobaki ni wawili hao kukutanishwa.